Hatua Arobaini za Nzilo

Kutoka kwenye jiwe nililokuwa nakalia hadi pale mama mkwe wangu alipokuwa anatandika mkeka wake, nyuma ya matete, ni hatua arobaini. Najua kwa sababu nimezihesabu. Zamani sikuwa na haja ya kuzihesabu, maana sikuruhusiwa kuzitembea.

Watu wakisikia Kolwezi wanafikiria mashimo tu. Wanadhani sisi tunaamka, tunachimba, tunakohoa, tunalala. Maneno hayo yananikasirisha, na mke wangu amezoea kunivuta shati mgeni akianza kuyasema. Sisi tuna mto. Tuna Lualaba, na pale Nzilo, walipouzuia ili utupe umeme, maji yametanda mapana hadi unasahau kwamba nyuma yako kuna malori ya madini na vumbi lake. Jumapili, baada ya misa, nusu ya mtaa wetu wa Manika ilikuwa inaelekea huko, wengine kwa pikipiki za abiria, wengine kwa gari la kukodi, na sisi nyuma ya pikapu ya shemeji yangu, na sufuria katikati ya magoti yetu. Wachimbaji walikuja wameoga, mashati meupe yamepigwa pasi, na usingejua kama ni walewale wa jana wenye vumbi la kijani la madini hadi kwenye kope.

Mimi nilikuwa nakuja na karindula yangu. Kwa asiyeijua, ni gitaa kubwa la pipa: mdomo wa pipa unafunikwa kwa ngozi ya mbuzi, unawekwa mti mrefu na nyuzi nne, na anayepiga anakaa nyuma yake. Yangu niliitengeneza mwenyewe nikiwa kijana, na nyuzi zake zilikuwa waya za breki ya baiskeli. Siku za kazi nilikuwa karani, mtu wa mihuri na mafaili, mkali kuliko cheo changu. Jumapili pale mtoni nilikuwa mtu mwingine, na watu waliponiona nateremsha pipa walianza kusogeza viti kabla sijaikaza ngozi.

Sasa, kuhusu zile hatua arobaini. Ukwe kwetu tunauita buko, na buko si mchezo, hasa kwa watu wa kaskazini ya Katanga, alikotoka mke wangu. Mkwe mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni. Hali chakula mbele yake, hampi mkono, haketi naye mkeka mmoja. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini na mwingine anajifunika uso kwa kikwembe, yaani kitenge, hadi mwenzake apite. Siku nilipopeleka mahari nilikaa nimeinamisha kichwa kuanzia asubuhi hadi saa tisa, na nilichokiona kwa mama huyo ni vidole vya miguu tu. Yeye, waliniambia baadaye, aliniangalia mara moja kupitia upenyo wa mlango. Aliona kijana mwembamba mwenye shingo iliyoinama.

Hivyo pale Nzilo tulikuwa na pande mbili. Mimi kwenye jiwe, nikiangalia maji. Yeye nyuma ya matete na dada zake, akiangalia maji yaleyale. Na katikati yetu mke wangu, akienda na kurudi, amebeba sahani na maneno.

Maana mama alikuwa na maneno. Alikuwa mwimbaji wa kwaya tangu usichana, na sikio lake lilikuwa kali kuliko langu. Nikipiga vizuri, sauti yake ilitoka kwenye matete, nyembamba, ikikaa juu ya nyuzi zangu. Nikikosea, alikohoa. Kikohozi hicho kimoja tu kiliniaibisha kuliko barua yoyote ya mkuu wangu wa kazi. Halafu mke wangu alikuja akijizuia kucheka.

"Mama anasema, ile mwimbo ya pili uliikimbiza. Anauliza, nani alikuwa anakufukuza?"

"Ambia mama, ni njaa. Bukari yake inachelewa."

Bukari, ugali wetu, ilikuja, na samaki wa kukaanga, na munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, ndani ya kopo lenye kifuniko. Nilikula nimegeuza mgongo. Alikula amegeuza mgongo. Hivyo ndivyo tulivyoishi miaka zaidi ya ishirini, tukiwa marafiki wa migongo, na sioni aibu kusema kwamba hakuna mtu katika familia ile aliyenielewa kama yeye.

Jumapili moja ya upepo, kitambaa chake cha kichwa kilimtoka, kikaruka matete, kikaja kunasa kwenye mti wa karindula yangu. Watu wote wakaangua kicheko. Mimi nikafumba macho, nikatafuta kijiti, nikakiinua kile kitambaa kwa ncha ya kijiti kama mtu aliyeokota nyoka, nikimngoja mke wangu aje akichukue. Kule nyuma nilimsikia mama anacheka hadi anakosa pumzi. Na baada ya kucheka akamtuma mke wangu na neno ambalo halikuwa la mzaha.

"Mama anasema ulete kuku. Anasema, mi nachoka kusikiaka muntu bila sura."

Hapo ni lazima nieleze. Buko ina mlango wake. Mkwe akileta kuku na kikwembe mbele ya mashahidi wawili watatu, mama mkwe akila pande la kwanza la kuku yule, haya inaondolewa. Kuanzia siku hiyo mnaweza kuangaliana, kula pamoja, kukaa mkeka mmoja. Lakini si kila mama anafungua mlango huo. Wengi wanakufa na buko yao. Yeye aliufungua mwenyewe, na hakuomba makubwa. Kuku mmoja.

Nikafurahi, nakiri. Nikafurahi hadi nikaharibu. Nilimwambia mke wangu kwamba mama kama huyu si wa kuku. Nitaleta mbuzi. Nitamwita kaka yangu mkubwa kutoka Kamina avae koti na aseme maneno kwa utaratibu. Nitanunua kikwembe cha maana. Tutafanya siku nzima pale Nzilo, na kila mtu atajua.

"Mama hakulomba mbuzi," mke wangu akasema. "Alilomba kuku."

"Niachie mi. Ni mambo ya bwana na mama mukwe wake."

Mwaka ule kaka alikuwa mgonjwa wa mguu. Uliofuata njia ilikuwa mbaya kwa mvua. Halafu ngozi ya karindula ikapasuka, na mimi nikasema siwezi kuonekana mbele ya mama kwa mara ya kwanza na pipa lililopasuka. Sababu zangu zote zilikuwa na mguu mmoja wa ukweli, ndiyo maana zilisimama. Lakini ukweli wenyewe, ambao sikumwambia hata mke wangu, ni kwamba nilikuwa naogopa. Kwenye migongo mimi nilikuwa fundi. Mama alijua mkono wangu, hakujua uso wangu wa karani, mdomo ulionuna, jino lililong'oka. Nilijiambia: akiniona, atakohoa.

Wakati mimi nangoja, macho ya mama yalikuwa hayangoji. Mke wangu alianza kuniambia mambo madogo. Mama amemwaga chai pembeni ya kikombe. Mama amemsalimia jirani kwa jina la jirani mwingine. Wakampeleka kwa daktari wa macho Lubumbashi, akasema ni presha ya macho, imekula sana, dawa ya matone itachelewesha lakini haitarudisha. Mke wangu alirudi na habari hiyo, akaketi mbele yangu jikoni, hata hajavua viatu.

"Unasikia vile nasema? Macho ya mama inaenda. Lete kuku Jumapili hii."

"Kiangazi," nikasema. "Kaka anakuja kiangazi."

Hakugombana nami. Aliondoka akaenda kuvua viatu. Afadhali angenitukana, labda ningeamka. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wanasema, na tumbo lililoumia siku ile lilikuwa la kwake.

Kiangazi kilikuja, kaka hakuja. Kikaja kingine. Sisi tuliendelea kwenda Nzilo, na mimi nilipiga, na mama aliimba, na kwa kuwa sauti yake haikubadilika hata kidogo, nilijidanganya kwamba bado tuna wakati.

Halafu ikafika Jumapili ambayo sitaisahau. Ilikuwa ya kawaida kabisa. Vijana wa Kasai walikuwa wanataka wimbo wa kwao, nami nikawapa. Katikati ya wimbo, wao wakiendelea kuimba, niliinuka kukaza waya, na upepo ukayalaza matete, na kabla sijageuza macho nilimwona mama kwa ubavu. Dada zake walikuwa wameinuka kwenda kuosha sahani. Alikuwa amekaa peke yake juu ya mkeka, mikono mapajani, uso umenyooka, anatabasamu kwa muziki. Lakini alikuwa anaangalia barabara. Maji yalikuwa nyuma yake. Mwanamke aliyekuja pale miaka yote kwa ajili ya yale maji alikuwa ameyapa kisogo na hakujua.

Sikumaliza wimbo. Watu walidhani waya umekatika.

Asubuhi yake, kabla ya kazi, nilikuwa sokoni Manika. Kuku nilimchukua wa kwanza niliyeonyeshwa. Kwenye vikwembe nilikaa sana, nikamchosha mama muuzaji, nikitaka rangi inayowaka kuliko zote, kana kwamba rangi ikiwa kali vya kutosha ingeweza kupita hadi machoni mwake. Nilichagua bluu yenye maua makubwa ya manjano. Sikumngoja kaka wala sikutafuta mbuzi. Jumapili iliyofuata, shemeji na dada wawili wa mama wakiwa mashahidi, niliziweka hatua arobaini chini ya miguu yangu, moja moja, na karindula mgongoni. Nilizihesabu ili nisilie.

Mama alikuwa amevaa vizuri. Mke wangu alikuwa amemgeuza aelekee majini. Nilipiga magoti, nikaweka kuku mikononi mwake. Alimshika miguu, akampapasa kifua.

"Hii kuku inakonda," akasema. "Njo hii ulikuwa unalisha miaka yote?"

Dada zake wakacheka. Mimi pia nikacheka, na ndipo nilipoinua uso na kumwangalia mama mkwe wangu usoni kwa mara ya kwanza. Alikuwa mzuri. Alikuwa na kovu dogo juu ya nyusi, na mke wangu ana njia ileile ya kubana midomo kabla ya utani. Mimi niliona yote hayo. Nilipewa zawadi nzima, na nilikuwa napokea peke yangu.

Nikampa na kikwembe, akakikunjua, akakisugua kati ya vidole.

"Iko na rangi gani?"

"Bluu, mama. Na maua ya manjano."

"Mm," akasema. "Inaonekana ya nguvu."

Kuku akachinjwa, akapikwa palepale, mama akala pande la kwanza na haya ikatoka. Wakanipa nafasi juu ya mkeka. Nikala naye sahani moja, mikono yetu ikigongana kwenye bukari. Halafu nikampigia, naye akaimba. Nilipiga vizuri kuliko nilivyowahi kupiga, na sikukosea, na alipomaliza kuimba nikamwambia, kwa ujinga wa mtu anayetaka kufarijiwa, kwamba angalau sasa ananisikia kwa karibu.

"Tata," akasema polepole, akiniita baba kwa heshima ya kwao, bila hasira yoyote, "mi nilikuwa nakusikia tangu zamani. Kusikia haikukuwa shida. Kuku ilikuwa ya kuona."

Kule mbele watoto walikuwa wanarushiana maji. Mama akageuka upande wangu, akakosea kidogo, akaongea na bega langu.

"Basi uniambie weye mwenyewe. Uko namna gani?"

Nimeandika ripoti maisha yangu yote, na sikujua nianzie wapi. Nikamwambia mimi ni mrefu kiasi. Nikamwambia jino moja la mbele halipo, na nyusi zimekutana. Nikamwambia kichwa changu kina mvi nyingi.

"Mvi?" Mkono wake ukasimama juu ya kikwembe. Nadhani miaka yote alikuwa amemweka moyoni yule kijana mwembamba wa kwenye upenyo wa mlango. "Weye? Tangu lini?"

Ningeweza kusema sijui. Lakini buko ilikuwa imekwisha, na hapakuwa tena na matete ya kujificha.

"Zilianza ule mwaka ulilomba kuku, mama."

Kisha akanyoosha mkono, akautafuta uso wangu hewani, akaukosa, na mimi nikainama hadi ukaupata.