Masta ya Juu ya Selika ya Marehemu Abeli

Gaudiosa alikuwa na mdomo, hilo halina ubishi. Pale Kizwite, mjini Sumbawanga, alitengeneza mabomba ya mgongoni, yale ya kupulizia dawa mahindi, na mkulima aliyemletea bomba chafu aliondoka na bomba zima na matusi juu yake. "Unaliweka stoo na dawa ndani mwaka mzima, halafu unashangaa halitoi! Wewe ukilala na ugali mdomoni unaamkaje?" Watu walinuna, lakini viwavi wakiingia shambani, watu haohao walirudi kwake, maana hakuna aliyejua mpira upi unakaa kwenye pistoni ipi kama yeye.

Aliyemchukia kuliko wote alikuwa shemeji yake Eustaki, mdogo wa marehemu mumewe. Na Gaudiosa alimchukia vilevile, tena zaidi. Abeli alipokufa, Eustaki alikula msibani siku zote nne, ila siku ya kuchimba kaburi la kaka yake hakuonekana. Akasema tumbo. Tumbo! Jioni ile ile alikula ugali wa watu wawili.

Walichogombania ni gari. Abeli aliacha Selika ya zamani, ya milango miwili, nyekundu iliyopauka, gari la mbio la vijana wa enzi zile. Injini yake ya kuzaliwa ilikufa, akalipachika injini na gia boksi za gari jingine, Maki Tuu. Injini hiyo ilinunuliwa kwa ulezi wa Gaudiosa, mavuno yote ya mwaka ule, hakubakiza hata wa togwa. Sasa Eustaki anawaambia ukoo kwamba gari ni la kaka yake, lirudi kwao. Tena lilikuwa bovu: tangu wiki ya msiba ukikanyaga klachi gia haziingii, zinasaga tu. "Mwanamke atalifanyia nini?"

Baba mkubwa Benjamini, mkubwa wa ukoo, alichoka na kelele. "Jumamosi tunamaliza msiba hapa kijijini Pito," akasema. "Gari likifika linatembea lenyewe, ni la Gaudiosa. Likivutwa kwa kamba, Eustaki achukue. Sitaki kusikia neno tena."

Kesho yake, wee, Eustaki huyo mlangoni! Mtu asiyempa mtu hata kiberiti akainama mwenyewe, akafungua masta ya juu, ile ya kwenye pedeli inayosukuma mafuta ya klachi kwenda masta ya chini kwenye gia boksi. Akamtia Gaudiosa mkononi. "Imekufa hii, shemeji. Sampuli hiyo, kanunue kama hiyo. Usije ukasema sikukusaidia."

Sumbawanga spea inanunuliwa kwa sampuli. Unaibwaga kaunta, muuzaji anaigeuza, anakuletea pacha wake, basi. Maswali ya nini? Gaudiosa akaenda dukani na sampuli na kadi ya gari, na vyote vilikubaliana: kadi ya Selika, masta ya Selika. Akapewa mpya, bado iko kwenye boksi lake.

Alhamisi fundi Kalisti akaifunga, akatoa upepo ulioingia kwenye mafuta ya klachi. Gaudiosa akakanyaga, akaingiza gia ya kwanza. Grrr! Kalisti akatoa upepo tena, na tena, mpaka mafuta yakatengeneza kidimbwi chini. Ijumaa asubuhi, grrr ile ile.

"Upepo tu huo, mama," akasema Kalisti.

"Upepo uko kichwani kwako."

Ndipo Eustaki akapita na pikipiki yake, akasimama bila kuzima. "Shemeji, hujaelewa tu? Marehemu amelikataa. Acha kumsumbua."

Kalisti akaondoa mikono kwenye gari haraka, akaifuta kwenye suruali. Maneno kama hayo watu hawayachezei.

"Marehemu alikukataa wewe!" Gaudiosa akapaza sauti. "Toka! Toka kabla sijakupiga na spana!"

Eustaki akaondoka anacheka. Lakini Gaudiosa aliogopa, tena aliogopa kweli. Siku moja tu imebaki, na jasho lake lote linakwenda kuvutwa kwa kamba mbele ya watu. Alikaa kwenye kigoda akiangalia mabomba yake yamejipanga ukutani, makubwa na madogo. Bomba la pistoni nyembamba halijazi chemba nene hata ulipampu mpaka kesho. Akainuka.

"Kalisti, fungua zote mbili."

"Mama, hili si bomba la dawa."

"Nimesema fungua!"

Akachukua sindano kubwa ya kuchanjia ng'ombe, yenye namba za mililita ubavuni. Akajaza mafuta masta ya juu, akaisukuma mpaka mwisho na kukinga kilichotoka: sita. Akaifanyia hivyohivyo ya chini: tisa. Akarudia. Sita, tisa. Kalisti akasogea kuangalia namba.

"Ya chini ni ya Maki Tuu, imekuja na gia boksi yake," akasema Gaudiosa. "Inataka tisa. Hii ya juu ni ya Selika, inatoa sita. Gia itaingilia wapi? Na mbona Abeli aliendesha miaka yote hiyo? Hii siyo aliyoifunga yeye."

Alikwenda mbio mpaka kwa Oswaldi, muuza spea za mtumba karibu na stendi. "Nipe masta ya juu inayotoa tisa."

"Sampuli iko wapi?"

"Sampuli ni ya uongo."

"Bila sampuli mimi si mganga, mama. Nenda kapige ramli."

"Lete boksi la masta hapa, Oswaldi, la sivyo nitapanga humu nikae!"

Oswaldi akamwaga boksi sakafuni kwa hasira. Gaudiosa akachambua moja moja, akipima tundu kwa kidole gumba, mpaka akashika moja nene. Shingoni ilikuwa na alama tatu za tupa. Abeli alitia alama hizo kwenye kila kitu alichofunga, maana aliwajua mafundi na wizi wao.

Akakaa juu ya tairi. "Umeitoa wapi hii?"

Oswaldi akaangalia pembeni. "Aliileta Eustaki. Wiki ile ya msiba wenu."

Hakulia. Alitamani, lakini hasira ilikuwa imejaa kila mahali. Akanunua mali ya mumewe bila kuomba apunguziwe, akarudi kwa Kalisti.

Jumamosi, Pito, ukoo umekaa uani, baridi ya kipupwe inauma. Eustaki alikuja mapema, kamba ya kuvutia gari begani. Selika ikatokea njia ya mashambani, gia ya pili, gia ya kwanza, laini, ikasimama mbele yao.

"Shikamoo, baba mkubwa," akasema Gaudiosa. Kisha akamgeukia Eustaki, akamwekea kiganjani ile masta nyembamba. "Sampuli yako hii, shemeji, uliyoifunga kwa siri kwenye gari. Ya mume wangu nimeikuta kwa Oswaldi, na alama zake tatu. Kasema wewe ndiye uliyemletea wiki ya msiba."

Mzee Benjamini akainuka, akachungulia chini ya boneti, akazigusa zile alama kwa kidole.

"Eustaki. Uliifungua lini?"

Eustaki akashusha macho kwenye sampuli.

"Wiki ile nyumba ya Abeli ilikuwa imejaa watu mchana na usiku. Ilibaki bila wanaume siku moja tu." Mzee akamwonyesha kidole. "Siku ile tuko makaburini tunachimba, tukikuita."

Wanawake waliokuwa wakichambua mboga waliacha. Kalisti akainamisha kichwa. Eustaki alibaki na sampuli mkononi na kamba begani, na hakuna mtu wa ukoo wake aliyemwambia karibu ukae.