Mzee Aliyenisindikiza Kutoka Milima ya Japani

Anayetaka kuniita mwongo aje kwanza hapa Doha, aulize watu wa Al Sadd mimi ni nani. Shule niliachia darasa la sita, huko Kitui. Nilikuja Qatar kuendesha gari la mtu, na leo mabasi yangu mwenyewe ndiyo yanayopeleka mafundi kazini kila asubuhi. Mtu kama mimi atunge hadithi ili apate nini? Haya yalitokea, na niliyaona kwa macho haya.

Miaka ile metro ya hapa ilikuwa bado inachimbwa. Wenzangu wakipata likizo walikimbilia nyumbani, mimi nikasema nakwenda Japani. Kufanya nini? Kutembea tu! Kwani kutembea ni kwa Wazungu peke yao? Nikazunguka Tokyo bila mtu wa kunishika mkono. Kyoto nikaona mahekalu mpaka nikashiba. Osaka nikala madonge ya pweza, yakaniunguza ulimi, nikaongeza sahani nyingine. Kisha nikapanda treni ya behewa moja hadi kijiji fulani milimani, nikalala katika nyumba ya wageni ya mama mmoja ambaye tuliongea naye kwa vidole tu.

Asubuhi ya kuondoka kulikuwa na ukungu mzito. Nilipotoka na begi langu, mzee mmoja akainuka kutoka kwenye benchi nje ya geti. Alivaa koti zito la buluu na kofia ya majani. Akainama, nami nikainama. Nikashika njia ya stesheni, naye akaja, nyuma yangu kidogo, mikono ameikunja mbele. Niamini, nilikaribia kulia. Watu wa kule wana adabu sana, lakini kila mtu na safari yake. Huyu ananisindikiza, kama tunavyosindikizana kwetu! Nikatembea kifua mbele kama mbunge.

Stesheni nikamwinamia, nikapanda treni. Naye akapanda. Nikasema labda ana shughuli zake mjini. Osaka, katika ule umati, kila nikigeuka namwona. Uwanja wa ndege akasimama nyuma yangu kwenye foleni, hana hata begi. Nilipovuka meza ya pasipoti sikumwona tena, nikajua amerudi kwao.

Aliyekuja kunipokea Doha ni Kato, Mganda mlinzi wa hoteli ambaye tulikuwa tumepanga nyumba pamoja. Akapakia begi langu, akatazama nyuma yangu.

"Bosi, mzee wako akae mbele?"

"Mzee gani?"

"Si huyu! Umemtoa mbali hivyo halafu humjui?"

Nikageuka. Alikuwa amesimama pale, kwenye joto la Doha, na koti lake limelowa ukungu wa milimani.

Sasa wewe ungefanya nini? Ungekimbia? Ukimbilie wapi, na kila uendako anakufuata? Tukaenda naye nyumbani. Akasimama nje ya mlango wetu. Hakuketi, hakula, maji niliyompa hakuyagusa. Nikienda kazini yuko nyuma yangu. Ijumaa, ambayo huku ndiyo siku ya mapumziko, nikienda kanisani Mesaimeer, ananisubiri nje ya ua. Hakuwa na ubaya wowote, sitamsingizia. Hakuna aliyeugua, hakuna kilichovunjika. Ila lile koti lilianza kukauka, na kadiri lilivyokauka ndivyo alivyopungua yeye. Mwanzo nilikuwa namwona uso. Baadaye nikawa naona ukuta kupitia bega lake.

"Huyu mzee anaisha," Kato akaniambia. "Akiishia hapa, kwao hataonekana tena."

"Nifanye nini?"

"Alipokusindikiza, ulimwambia arudi?"

Nikachungulia mlangoni, mzee yuko pale pale.

"Ulimwambia, mzee asante, inatosha, rudi?"

"Kwa Kijapani gani, Kato?"

"Kwani huko kuinama kwako kulikuwa kwa lugha gani? Banange! Mtu anajua kila kitu Doha nzima, neno dogo hilo limemshinda! Basi, ssebo, huyo bado anakusindikiza."

Ijumaa iliyofuata, asubuhi barabara zikiwa tupu, nikamfungulia mlango wa basi langu, nikampeleka uwanja wa ndege. Nikasimama mbele yake, nikavua kofia.

"Mzee, asante. Umenifikisha. Inatosha, sasa rudi nyumbani."

Hakusogea. Akatazama ile milango ya vioo, akanitazama mimi. Nikaelewa. Aanzie wapi, na milima yake iko upande gani? Nikafanya kama tunavyomfanyia mkubwa aliyetufikisha mbali: nikageuka, nikamsindikiza yeye. Tukaingia pamoja, polepole, hadi pale ambapo asiyesafiri hapiti. Hapo akanyoosha kiganja: wewe ishia hapa. Akainama, akaenda. Kadiri alivyosonga mbele ndivyo koti lilivyozidi kuiva buluu, mpaka nikaliona limelowa tena. Kisha watu wakapita katikati yetu.

Hakurudi mlangoni kwangu. Kama alifika kwao, sijui. Nimewahi kukaa kwenye basi, injini imezimwa, nikijiuliza hilo tu.

Tangu hapo mimi sisindikizwi ovyo. Nikienda Kitui, siku ya kuondoka ukoo mzima hunifuata barabarani, nami humgeukia kila mmoja: mjomba, inatosha, rudi, shangazi, asante, rudi. Mama alikasirika. "Mwanangu, Waarabu wamekufundisha kufukuza watu?" Nikamshika mikono, nikamwambia tena, mpaka akageuka na nikamwona ameingia ndani.

Nawe unayesoma, hasa wewe unayetembea nchi za watu: mtu akikusindikiza, furahi, mshukuru, kisha simama umwambie arudi. Mwambie kwa mdomo wako. Usiseme atajua mwenyewe pa kuishia. Wako ambao hawaondoki mpaka waambiwe, na njia ya kurudi hawaijui.