Mtunza Hazina Asiyegonga Meza

Mtunza hazina wa klabu huingia mkutanoni hajavua koti, na jambo lake la kwanza ni kuzima hita. Wiebke, kocha wa vijana, anavijua vidole vile: vyembamba, vinabana swichi kana kwamba inataka kutoroka. Neno lake ni moja. Nyavu mpya? "Hamna." Soseji za wageni? "Hamna, wakale kwao." Wenzake wakifurahia jambo hugonga meza kwa vifundo vya vidole, yeye mkono hubaki mfukoni, labda anaogopa meza itachakaa.

Jana mwenyekiti alitaka hela za mshambuliaji waliyemuuza Hamburg zimlete kocha mwenye jina kubwa kwa timu ya wakubwa, iliyokuwa haina kocha. Wiebke naye alikuwa ameiomba kazi hiyo.

"Mshahara wa huyo utameza hela zote," mtunza hazina alisema. "Halafu atafundisha nani, nguzo za goli? Mpeni Wiebke."

"Kwa sababu mimi ni wa bei rahisi, sivyo mzee?" Wiebke aliuliza, uso ukimchoma.

"Rahisi mno, binti. Ndiyo maana ukitaka beki, nitakununulia." Akafikiri kidogo. "Na kipa."

Vichwa vyote vilimgeukia, maana hakuna aliyewahi kumsikia akitoa vitu viwili kwa mpigo. Wiebke akaangua kicheko. Ndipo mkono ule ukatoka mfukoni, ukagonga meza taratibu, kama mgeni anayebisha hodi, na mwenyekiti mwenyewe akawa wa kwanza kuitikia kwa vifundo vyake.