Korongo Limeliacha Jiko la Mama Mkwe

Jamani, leo mama mkwe kanikumbatia mbele ya Ubungo nzima!

Mnalijua lile korongo la maji ya mvua linalokula mashamba yetu tangu msitu ukatwe kwa ajili ya mkaa. Masika iliyopita lilimeza choo cha mama mkwe, ikabaki kidogo tu lifike jikoni kwake.

Basi sie wanawake, kwa ushauri wa bwana shamba wa serikali ya Mwingereza, tukapanda majani ya mabingobingo na mikorosho ukingoni. Yeye akatucheka.

"Majani ya ng'ombe yatazuia maji? Mnamfurahisha tu bwana shamba wa Mwingereza!"

Leo asubuhi ikashuka mvua, mvua kweli kweli. Mara nikasikia anapiga kelele.

Nikajua jiko limekwenda. Nikatoka mbio na kanga moja, matope hadi magotini.

Namkuta kasimama ukingoni, analia huku anacheka.

"Mkwe wangu, tazama! Udongo haujaondoka!"

Kweli, maji yalifika kwenye majani yakapungua kasi, na ukingo haukumeguka.

Akanivuta kifuani, majirani wote wanatazama. Mwanamke huyu shikamoo yangu alikuwa anaiitikia kwa mguno!

Kisha akaniuliza, "Yamebaki majani mengine tukapande upande wa pili?"

Nyie mngemjibu nini?

Mie nimempa jembe.