Kitambaa cha Wakili

Baba mdogo wangu hajawahi kuingia mahakamani hata kama shahidi, lakini mtaa mzima unamwita Wakili. Ni kinyozi. Ana viti viwili: kimoja kinazunguka, kingine kimegoma kuzunguka tangu nikiwa shule ya msingi, na hicho ndicho anachowakalisha watu anaowaona hawana maoni.

Maoni ndiyo yalikuwa biashara. Nywele zilikuwa kisingizio. Ukishafungwa kile kitambaa cheusi shingoni, unatoa mada: mashine za kupigia kura kwa alama za vidole, setilaiti ya serikali, hizi simu zinazojibu maswali kama vile zimesoma kutuzidi. Unachagua upande. Wakili anachukua ule mwingine, uwe wake usiwe wake, na anakushindilia hoja huku mashine ya kunyolea inakupita sikioni, kwa hiyo huwezi hata kutikisa kichwa kukataa. Akimaliza anakufungua kitambaa, anakwenda mlangoni, anakikung'uta, kisha anasema, "Haya, sasa yangu mwenyewe." Hapo ndipo utasikia anachoamini. Kabla ya hapo yote ni mchezo, na wateja walilijua hilo kama wanavyojua mlango uko wapi.

Siku moja aliitetea setilaiti mpaka fundi bomba aliyekuwa kitini akaona aibu kwa kuulizia maji. Kitambaa kikakung'utwa. "Yangu mwenyewe: setilaiti inaona wingu liko wapi. Bomba letu halina hata wa kuliona." Fundi bomba akatoka kichwa juu kama kashinda kesi.

Mimi nilikuwa nashinda pale kwenye benchi. Chuo na mimi tulikubaliana kupumzishana, nikawa nasoma kwa Wakili, ambako angalau hakuna mtihani wa marudio.

Ikaja wiki ya chanjo ya surua. Muuguzi wa zahanati yetu, mwanamume mpole mwenye kipara cha kujitakia, akakaa kitini.

"Watoto wote chini ya miaka mitano," akasema. "Bure kabisa."

"Bure," Wakili akasema, akimwinamisha kichwa. "Dawa ya presha hamna. Glovu hamna, mzazi anakuja na zake. Leo kimekuja kitu cha bure mpaka mlangoni, na gari la spika juu yake. Tangu lini tukapendwa hivi?"

"Wakili, surua inaua."

"Na hiyo sindano unaijua? Au unaijua kama tunavyozijua zile mashine za kura, kwamba zimekuja kwenye boksi?"

Benchi zima likaangua kicheko. Muuguzi naye alicheka, povu la sabuni likiwa masikioni.

Mwisho wa benchi alikaa muuza makava ya simu, mgeni mtaani, simu yake ikiwa juu, anarekodi. Hakuwa na ubaya. Kicheko kilipopamba moto aliona utamu umefika, akazima.

Kwa hiyo hakurekodi kitambaa kikikung'utwa. Hakurekodi Wakili akisimama mlangoni na kusema, bila utani, "Yangu mwenyewe: pelekeni kila mtoto. Dada yangu alikufa kwa surua. Mimi ndiye niliyembeba."

Kufikia jioni, video ilikuwa kwenye kila kundi la simu. Kesho yake mgombea mmoja akaipiga kwenye spika za mkutano wake, akisema mtaalamu amefichua mambo. Wakili alicheka, na tuseme ukweli, alifurahi kidogo. "Nimekuwa mtaalamu bila cheti," akaniambia. "Kama wewe, ukitoa huo utaalamu."

Muuguzi alipokuja kulalamika kwamba foleni ya zahanati imekuwa watu watano na mbwa, kicheko kikakatika. Nikamrekodi baba mdogo akisema yake mwenyewe, kitambaa mkononi. Haikwenda popote. Kinyozi anayesema mpeleke mtoto kliniki hana utamu. Waliojibu walikuwa wawili, na mmoja aliandika, "Wameshamfikia."

Ng'ambo ya ukuta wa duka ni kwa fundi cherehani, binti mmoja anayelea mtoto wake peke yake. Huyo mtoto, wa miaka mitatu, alikuwa akija kuzungushwa kwenye kiti hadi ashikwe na kizunguzungu, kisha anadai tena. Mama mtu hakuwahi kukaa kwetu. Wanawake hawakai pale, na cherehani yake hailali. Maneno ya Wakili yalimfikia kwenye simu tu. Habari za kitambaa angezijulia wapi?

Asubuhi moja akaja mlangoni, mtoto mgongoni, macho ya mtoto mekundu, uso umejaa vipele.

"Mzee, nishikie funguo. Nampeleka hospitali."

"Ana nini?"

"Surua, wanasema."

"Si alichanjwa?"

Akamtazama kama mtu aliyeulizwa jina lake mwenyewe. "Wewe si ulisema."

Wakili alipokea funguo. "Nenda, binti. Nitalinda." Basi. Alibaki amezishika mpaka mteja aliyekuwa kitini akauliza kama anyolewe upande mmoja.

Mtoto alirudi hai. Surua ilipita kwenye mapafu, ikapita kwenye masikio, na kwenye masikio haikuacha kitu. Unaweza kuangusha sufuria nyuma yake, asigeuke.

Tangu hapo duka ni la nywele tu. Mtu akitoa mada, Wakili anauliza, "Nipunguze au zote?" Muuza makava alikuja kuomba radhi; alinyolewa bila neno. Kitambaa hakikung'utwi tena, kinakunjwa na nywele zake ndani. Wateja wa maoni wamehamia kwa kinyozi mwenye runinga.

Wiki iliyopita fundi cherehani akaingia na mtoto. Hakusalimia.

"Zote," akasema. "Joto."

Akabaki kasimama. Wakili akamkalisha mtoto kwenye kiti kinachozunguka, akamfunga kitambaa, akamnyoa polepole, akiyakinga masikio yale kwa kidole kana kwamba yanaweza kuumia zaidi. Mtoto alimwangalia mdomo kwenye kioo muda wote. Alipofunguliwa, Wakili akaanza kukunja.

"Kikung'ute," mama akasema.

Wakili akaacha kukunja.

"Nimeambiwa na muuguzi. Kikung'ute, useme. Huyu hasikii. Mimi nasikia."

Wakili akaenda mlangoni. Nywele ndogo nyeusi zikaanguka kizingitini.

"Yangu mwenyewe," akasema, na sauti haikuwa ya mtu yeyote ninayemjua. "Chanjo ilikuwa nzuri. Nilijua nilipokuwa nasema. Nilijua na siku uliponipa funguo."

Mtoto alikuwa anajaribu kukisukuma kiti kwa mguu kizunguke. Mama akambeba, akamfuta shingo kwa kiganja.

"Hiyo," akasema, "ndiyo ungeanza nayo."

Akatoka, na ng'ambo ya ukuta cherehani ikaanza tena. Wakili alichukua ufagio mwenyewe, ingawa mimi nilikuwa nimekaa bure.