Anayejua Watu kwa Viatu

Shangazi wa mapokezi kwenye ile hosteli ya bei poa hapa Bangkok hashiki majina jamani, anashika viatu. Kila asubuhi anavigeuza pale mlangoni vielekee barabarani, chai ya barafu mkono wa pili. Leo saa mbili akaona vya Ratri, mgeni wa ghorofani, bado vipo, na usaili wake wa kazi ni saa tatu! Akapanda ngazi mbio.

“We binti! Viatu vimeshaamka, wewe bado?”

Ratri akashuka nywele timtim, akatumbukiza miguu, huyoo!

Jioni, shangazi katoka kuanua mashuka, akavikuta vimerudi: kimoja chali, kingine kwenye chungu cha maua.

“Kapata kazi huyo,” akacheka. “Wanaokosa huwa wanavipanga.”

Akavigeuza tena, vielekee kazini.