Meno ya Mtu wa Broken Hill

Nilikuwa kijana mwenye hasira za karibu, na ualimu ukaniongezea kiburi. Nilirudi kwetu Nchelenge, kando ya ziwa, kutoka chuoni na viatu vipya, na mama yangu mwenyewe nikamwona mshamba.

Siku mbili nilikaa barazani nikichora fuvu kwa makaa juu ya kadibodi. Lilikuwa fuvu la mtu wa kale mno, lililochimbuliwa katika mgodi wa Broken Hill, nami nililinakili kutoka kitabu cha chuo. Paji la uso limelala nyuma, mfupa wa nyusi umetokeza kama ukingo wa paa, meno ya juu yameoza. Jumatatu inspekta wa shule angekuja kusikiliza somo langu, na mchoro huo ndio niliokuwa nikiutegemea.

Mama alikuwa uani akigeuza samaki juu ya moshi. Alizaliwa ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, na hata baada ya kuolewa huku hakukiacha Kiswahili cha kwao. Kichwani alifunga kitambaa cheusi, mwaka wa nane sasa, tangu mwamba umfukie baba katika mgodi huohuo wa Broken Hill. Maiti haikutolewa. Kwetu mjane alinyolewa baada ya maziko, ndipo msiba uishe. Mama alikataa kunyolewa pasipo kaburi, na ndugu wa baba walimsihi mpaka wakachoka.

Alikuja akijifuta mikono, akautazama mchoro.

"Banamutosha wapi huyu?" akauliza, yaani wamemtoa wapi.

"Broken Hill, mama. Ndani ya mgodi."

Alipiga magoti, akagusa yale meno kwa kidole.

"Njo meno yake," akasema, yaani ndiyo hayo. "Njo baba yako. Banamupata."

Kweli baba naye alikuwa na meno mabovu, na ningeweza kumshika mkono. Badala yake nilimfokea kama mwanafunzi mzito. Nilimwambia fuvu lile lilichimbuliwa kabla yeye na baba hawajajuana, na sasa liko Ulaya. Nikamwambia mwenye fuvu alikufa zamani, wakati hata koo za machifu wetu hazikuwapo, na kwamba hakuwa mtu hasa kama sisi, bali tawi jingine la shina moja. Mama aliondoa kidole. Hakulia, na afadhali angelia. Maji yakimwagika hayazoleki.

"Kama hakukuwa mutu, alikuwa nyama?" akauliza baadaye; nyama kwao ni mnyama.

"Mtu, lakini wa namna nyingine. Mifupa inaonyesha."

"Na meno ilikuwa inamuluma?"

"Lazima yalimuuma."

"Donc, basi, alikuwa anakula nini?" Alikitazama kinu chake. "Baba yako, mi nilikuwa namutwangia samaki mpaka inalainika. Huyu pia, kuko mutu alimutwangia. Nyama akishindwa kukula, benzake banamuacha."

Kitabuni hamkuwa na neno hilo, wala la kulipinga. Akaniomba ile kadibodi. Nilikataa, nikamtaja inspekta, naye akarudi kwa samaki wake.

Jumapili, baada ya kanisa, nilimkuta akitwanga samaki wa kuchoma, akiondoa kila mwiba kwa vidole. Aliwatia kwenye sahani ya baba, ambayo hakuna aliyeitumia tangu msiba. Niliingia ndani, nikaileta kadibodi.

Tuliifunga katika sweta ya baba, tukaizika nyuma ya nyumba pamoja na chakula kile.

"Bote babili balikuwa mu mine moja, mugodi moja," mama akasema. "Balale pamoja."

Shangazi, dada wa baba, aliitwa akamnyoa jioni ileile. Kichwa cha mama kilikuwa kidogo kuliko nilivyodhani. Nilikishika kwa mikono miwili, nikamwomba radhi, naye akanipiga kofi dogo la mgongo kama zamani.

Jumatatu nilisimama mbele ya darasa mikono mitupu, inspekta akiwa nyuma na kalamu yake. Msichana mmoja aliuliza tunajuaje kwamba yule wa Broken Hill alikuwa mtu. Nilitaja ukubwa wa ubongo, nikataja mifupa ya miguu, nikaona hawajaridhika.

"Meno yake yalikuwa mabovu," nikasema, "na kuna mtu alimtwangia chakula."

Inspekta aliandika kwamba mwalimu anafundisha asiyoweza kuyathibitisha. Jioni mama, kichwa wazi, aliniuliza somo limekwendaje. Nilimwambia limekwenda vizuri.